Vitabu vya watoto vya kazi za mikono na sayansi ya kwetu: daftari langu la ukili, manjano na mitungi (uzi mrefu)

#1 BabaRukia (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za humu ndani. Uzi ni mrefu, mwenye chai aje nayo kabisa.

Mwezi wa sita nilimnunulia binti yangu, ana miaka tisa, kitabu cha majaribio ya sayansi na kazi za mikono. Kimechapwa Ulaya, karatasi nzito, picha za kuvutia, bei nilipotajiwa nikakohoa. Ukurasa wa kwanza unamtaka mtoto aokote majani ya miti yaliyogeuka mekundu baridi inapoingia, ayabandike kwenye daftari. Rukia akanivuta mkono hadi chini ya mwembe wa jirani. "Baba, huu unageuka lini?" Ukurasa wa tatu unataka koni za msonobari. Wa nne unataka ile bastola ya gundi ya moto. Hadi jioni tulikuwa tumefanya jaribio moja tu, la siki na bekingi soda, ambalo alishalifanya shuleni.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja kutoka Rufiji na furushi lake la ukindu, yale majani ya kusukia mikeka. Wanaomjua mwanamke wa kule wanajua kwamba hakai na mikono mitupu. Anapiga soga, anakemea wajukuu, anauliza bei ya nyanya, na ukili, ule mkanda wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, unashuka tu mapajani. Rukia akakisukuma kitabu chini ya kochi, akahamia mkekani. Siku ya pili akaniuliza swali lililozaa uzi huu: "Kwa nini bibi analowesha majani ambayo yeye mwenyewe aliyaanika yakauke?"

Nilikuwa sina jibu. Ila niliona kwamba kitabu kizima cha bei ile hakikumfanya aulize hata swali moja, na furushi la ukindu limemfanya aulize siku ya pili tu. Nikachukua daftari la kaunta nikaanza kuandika kitabu changu mwenyewe. Sasa lina kurasa 22. Nimejiwekea sharti moja: ukurasa wowote unaomtuma mzazi dukani kununua kitu ambacho hakimo ndani unachanwa.

Niwaambie nilivyohangaika na ukurasa wa ukili, maana nilidhani ni kazi ya jioni moja na ikanila wiki tatu.

Nilikaa mbele ya mama na kalamu. "Mama, hapo umeruka ngapi?" Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Sijui baba, mkono ndio unaojua." Akapunguza mwendo ili nione, akakosea palepale. Akacheka, akarudi kwenye mwendo wake wa siku zote, hakukosea tena. Ikabidi nimrekodi kwa simu, halafu usiku niirudie video polepole, nikihesabu chane (vipande vyembamba vya majani) moja moja.

Ukili wa mkeka wa kweli una chane nyingi, mtoto hauwezi. Tukashuka hadi chane tano za karatasi, kila moja upana wa kidole, zimebanwa juu kwa kibanio cha nguo. Maelezo yakawa mafupi kabisa: shika chane ya kushoto mwisho, ivushe kwenda kulia, juu, chini, juu, chini. Ikifika mwisho iache. Sasa ya kushoto mwisho ni nyingine. Ivushe hivyohivyo. Ukifanya kwa chane tatu (juu, chini, basi) unapata msuko uleule wa nywele za mafungu matatu, kwa hiyo watoto wengi wa kike walishafika nusu ya safari bila kujua.

Rahisi, sivyo? Rukia alikwama mstari wa nne. Kosa la kwanza: karatasi zote zilikuwa nyeupe, akishapepesa macho hajui ipi ndiyo ilikuwa ya kushoto. Tukapaka kila chane rangi yake, tatizo likaisha. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kijana aliyenichorea michoro alikaa mbele ya mama mkwe, akachora alichokiona. Kwa hiyo mkono wa kulia wa bibi uko upande wa kushoto wa karatasi. Mtoto akifuata picha, anafanya kinyume cha maandishi. Michoro sita nikaitupa kwenye droo, tukachora upya kijana akiwa amechungulia kutoka nyuma ya bega la mama.

Ukurasa unaofuata ndio jibu la swali. Chukua chane tatu za ukindu mkavu. Moja iache kavu, moja iloweshe dakika kumi, moja ilale kwenye maji usiku kucha. Zikunje moja moja, fungua, kunja tena palepale, hesabu hadi ikatike. Kavu inakufa mapema sana. Maji yameingia kwenye nyuzi za jani yakazilainisha, zinapinda badala ya kuvunjika. Mama aliposikia tunafanya jaribio akasema iliyolala usiku kucha haifai, itatoa ukungu mkeka ukishashonwa. Tukaiacha kwenye mfuko wa nailoni siku tano. Ukungu ulikuja.

Nyingine niliyoipenda ni ya manjano. Chemsha kitambaa cheupe cha pamba na kijiko cha manjano, kianike kivulini. Mtoto achovye kijiti kwenye maji ya sabuni ya mche, aandike jina lake. Herufi zinatoka nyekundu ya kutu. Akizikamulia ndimu zinarudi njano. Yeyote aliyewahi kufua kanzu iliyomwagikiwa mchuzi ameshaliona jaribio hili na akadhani sabuni imeiharibu nguo. Ukitaka magadi badala ya sabuni, wekundu unakolea zaidi. Kisha funika nusu ya kitambaa kwa kadibodi, kiweke juani siku mbili tatu: nusu iliyo wazi inapauka. Ndiyo maana mama alinicheka nilipopendekeza tutie ukindu rangi ya manjano. Kwao zamani, anasema, nyeusi ya mkeka ilitoka kwenye mizizi ya mdaa, na hiyo jua haliiwezi upesi hivyo.

Naomba michango. Kwenu kuna ufundi gani ambao mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili anaweza kuushika kwa mkono na kuuliza swali? Na kama kuna aliyewahi kuchapa kitu cha namna hii, anieleze gharama kabla sijaingia kichwakichwa.

#2 mtuwapwani

Nimetandika jamvi hapa. Endelea mkuu.

#3 MamaWawili (Nairobi)

Baba Rukia, hongera, lakini acha nikupe onyo kutoka huku. Sisi tumekula hii kitu tangu CBC, mtaala wa umilisi wa huku Kenya, ianze mwaka 2019. Mwalimu anatuma ujumbe saa mbili usiku: kesho kila mtoto aje na kikapu alichokisuka kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Mtoto amelala. Nani anasuka? Mimi. Kile kikapu kilipata alama nzuri sana, nikajivunia, halafu nikakumbuka nina miaka 38.

Kwa hiyo swali langu kwa kila ukurasa wako ni hili: mtoto anaweza kuumaliza mama akiwa jikoni? Kama hawezi, andika wazi "hapa mwite mkubwa", na iwe mara moja tu.

Kuhusu kwetu, mamangu ni wa Machakos, anasuka kiondo. Kinachowashinda watoto ni kitako, pale mwanzo kabisa nyuzi zinapokutana na hakuna cha kushikilia. Mama huwaanzishia wajukuu wote. Anafunga kitako upana wa kiganja, anawapa wazungushe. Wakishafika hapo wanaona wenyewe kwamba duara likipanuka, nyuzi zinaachana, na lazima uongeze mpya. Ukiongeza chache, kiondo kinajikunja kuwa kikombe. Ukiongeza nyingi, kinakuwa na mawimbi kama kachumbari ya kabichi. Mwalimu wa hesabu anaweza kuanzia hapo, sitaki kumwingilia kazi yake.

#4 Mwl_Stadi (Dodoma)

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, niko karibu kustaafu. Nacheka kidogo, maana hili tunalirudia kila kizazi kwa jina jipya. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa 1967. Sisi tulisoma Sayansi Kimu, tukalima bustani, tukafuma. Baadaye ikaja Stadi za Kazi. Tatizo halikuwa wazo. Tatizo ni kwamba ufundi ulifundishwa chumba hiki na sayansi chumba kile. Bustani ikawa adhabu ya wachelewaji, na darasa la sayansi likawa kunakili ubaoni "mvukizo ni kitendo cha..." Mtoto aliyenakili sentensi hiyo anakwenda nyumbani kunywa maji ya mtungi, hajui kwamba ameshikilia jibu kwenye kata.

Niongeze ukurasa wa mtungi, bure kabisa. Chupa mbili za soda, maji kiasi kilekile. Moja ivalishe soksi iliyolowa, nyingine iache. Ziweke kivulini penye upepo, si juani. Baada ya saa mbili pima. Kama huna kipimajoto, mtoto afumbe macho ashike zote mbili. Mtungi wa udongo unafanya kazi hiyohiyo: unatokwa jasho kwenye vitundu vyake, jasho linapokauka linaondoka na joto. Mwambie mtoto apake mtungi mmoja rangi ya mafuta nje alinganishe na usiopakwa. Uliopakwa rangi umezibwa, hautoi jasho, maji yake yanabaki vuguvugu. Hii nimeiona kwa wauza mitungi ya mapambo mjini: wanapaka maua mazuri na kuua kazi ya mtungi.

Kwa wa nyanda za juu, akina mama wa Kikisi wa Ziwa Nyasa bado wanafinyanga, vyungu vyao vinauzwa soko la Matema. Ukimpata mmoja, kaa naye siku nzima kama ulivyokaa na mama mkwe.

#5 ChumviTanga

Mwalimu shikamoo. Nimefanya jaribio lako mchana huu na wanangu wawili, kipimajoto kile cha kumpimia maji mtoto mchanga. Chupa kavu 31, chupa ya soksi 27. Nyuzi nne tu! Mdogo akasema "baba si baridi, imepoa tu kama chai". Tumefanya nini vibaya?

#6 Mwl_Stadi (Dodoma)

Marahaba. Hujafanya vibaya, unaishi Tanga. Mimi hapa leo nimepata 30 na 21. Hewa yenu imeshashiba unyevu wa bahari, haina nafasi ya kupokea jasho la chupa. Hewa ya Dodoma kiangazi ina kiu. Nguo zenu zinakauka saa ngapi, zetu saa ngapi? Ni jambo lilelile.

Baba Rukia, hapa jifunze. Ukiandika kwenye kitabu "chupa itakuwa baridi sana" umemdanganya mtoto wa Tanga, atadhani yeye ndiye mjinga. Weka jedwali tupu ajaze namba yake na jina la mahali alipo.

#7 BabaRukia

Mwalimu umenimaliza. Nilikuwa nimeshaandika majibu nyuma ya kitabu, ukurasa mzima. Nimeufuta. Mama Wawili, kuhusu "mwite mkubwa", nimepitia kurasa 22, nikagundua tisa zinamhitaji mkubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimejiona kama yule mwalimu wa saa mbili usiku.

#8 KompyutaKwanza

Samahani kwa kuharibu harusi. Dunia iko kwenye akili mnemba na nyinyi mnataka mtoto asuke ukili? Mikeka ya plastiki imejaa sokoni, rahisi, inafutika. Mama mkwe wako akikaa wiki nzima kwenye mkeka mmoja anauza shilingi ngapi? Huu ni umaskini tunaupamba kwa jina la urithi. Mpe mtoto kompyuta.

#9 BabaRukia

Ndugu, hilo la bei uko sahihi, wala sitabishana. Nimemwuliza mama. Akitoa nauli na ukindu, anachobaki nacho kwa siku hakifiki hata kwa kibarua wa shamba. Sitamwambia Rukia akue awe msuka mikeka.

Ila angalia tena ule ukurasa wa ukili: shika ya kushoto, vusha juu chini juu chini, rudia. Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta chuoni aliuona, akaniuliza nani ameniandikia programu. Mtoto aliyeandika maelekezo ambayo mwenzake ameyafuata yakakwama mstari wa nne, kisha akatafuta kosa liko wapi, mimi sioni ameachwa nyuma na nini. Na hakuna umeme uliokatika katikati ya kazi.

#10 KompyutaKwanza

Hapo kwa umeme umenipiga chini ya mkanda. Bado nasimama na kompyuta.

#11 FundiKalafati (Unguja)

Assalaam alaykum. Mie ni fundi wa vyombo, baba yangu na babu yangu mafundi. Nimesoma nyote, nina mambo matatu.

La kwanza, nimeona mtu kaniandikia pembeni anataka kuweka ukurasa wa chokaa, mtoto azime chokaa hai kwenye ndoo aone maji yanavyochemka bila moto. Msithubutu. Tone moja likiruka jichoni, mtoto kapofuka. Mie nishaona mtu mzima kaungua mkono hadi kwenye kiwiko. Kama mwataka kumfundisha chokaa, chukueni ganda la yai, lipondwe, likamuliwe ndimu kwenye kikombe. Litatoa mapovu. Ganda la yai, la kauri, la koa, jiwe la matumbawe, asili yao moja. Ile hewa inayotoka kwenye mapovu ndiyo inayotoka jiwe likichomwa tanurini, na ndiyo chokaa inayoivuta tena pole pole ikishapakwa ukutani, ikarudi kuwa jiwe. Ndivyo ilivyojengwa Husuni Kubwa ya Kilwa karne ya 14, na kuta ziko mpaka leo. Watoto wakishaona povu, waambieni sasa watazame ukuta wa mawe kwa macho mengine.

La pili, boriti. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na za Lamu vyumba vyake virefu na vyembamba. Watu husema ndiyo mtindo wa Kiarabu. Sababu kubwa ipo msituni: boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi huanza kunepa chini ya uzito wa dari ya mawe na chokaa. Basi upana wa chumba ukaamuliwa na mti. Chukueni vijiti vya mishikaki, viwekeni juu ya vitabu viwili, tundikeni kikombe katikati, tieni kokoto moja moja. Kisha sogezeni vitabu viachane zaidi, mhesabu tena. Mtoto wa skuli anaupata mara moja.

La tatu ndilo langu. Mtepe. Chombo cha wazee wetu kilichoshonwa kwa kamba za usumba, hakina msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Mfano wake mkubwa ulikuwepo Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho hapa Mji Mkongwe, kabla jengo halijaporomoka upande Disemba 2020. Mwataka watoto watengeneze? Vipande viwili vya kadibodi ya maboksi, toboeni matundu yanayotazamana kwa msumari (hapo mwiteni mkubwa, bi mkubwa wa Nairobi usikasirike), shoneni kwa uzi wa katani, tieni nta ya mshumaa kwenye mshono. Wekeni hilo dau lenu kwenye beseni lielee. Litavuja. Waacheni wahangaike nalo. Halafu waambieni habari ya kalafati, pamba iliyolowa mafuta tunayoipachika baina ya mbao kwa patasi butu, na kwamba chombo kipya kikishushwa huvuja siku ya mwanzo, mbao zikinywa maji zikavimba, zinakabana zenyewe. Mtoto aliyevujiwa ndiye atakayesikiliza.

Na huo usumba msiununue madukani. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani kwenye tope miezi mingi mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi, ndipo kina mama wayapige kwa vipande vya miti. Harufu yake yawafukuza watalii. Kuoza nako ni sayansi, au vipi Mwalimu?

#12 Mwl_Stadi (Dodoma)

Kuoza ni sayansi kubwa, fundi. Vijidudu vinakula kinachounganisha nyuzi, nyuzi zenyewe haviziwezi. Nadhani hata ukurasa wa harufu unafaa. Watoto wanapenda vitu vinavyonuka.

#13 Omukama_wa_Mkaa (Bukoba)

Wadau, msitusahau sisi wa bara. Wahaya tulifua chuma. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya wazee wa kwetu waliojenga tena tanuru la kuyeyushia chuma, miaka mingi baada ya kazi yenyewe kuachwa kwa sababu majembe ya dukani yaliingia. Wazee walikumbuka waliyoyaona ujanani. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, na wataalamu hao wakaeleza kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa moto mle ndani kabla ya kufika kwenye mkaa. Huku kwetu wameona ufuaji chuma ulikuwepo tangu karibu miaka 2,000 iliyopita.

Nilisoma mama mkwe aliposema mkono ndio unaojua, nikawakumbuka wale wazee.

Sasa, mtoto hatayeyusha chuma. Lakini jiko la mkaa lipo kila nyumba. Baba apepee, mtoto akae mbali aandike rangi: mkaa mwekundu wa giza, mwekundu, wa chungwa. Upepo ukizidi rangi inapanda. Kisha asomewe habari ya tanuru. Kuna kurasa za kutenda na kuna kurasa za kusoma, msilazimishe zote ziwe za mikono.

#14 mama_dullah

Bao jamani! Hesabu tupu. Mashimo 32, kete 64. Tulitaka kutumia trei la mayai na wanangu. Trei lina vishimo 30, tano kwa sita. Walikaa nusu saa wakibishana yale mawili yamekwenda wapi kabla ya kugundua hata umbo halikubali, bao linataka nne kwa nane. Ikabidi trei mbili na mkasi. Sikuwaambia chochote, nilikuwa nachambua mchele.

#15 MchapaVitabu

Nimesubiri watu waseme yao kwanza. Niko kwenye uchapaji, nimeshiriki vitabu vya watoto kadhaa.

Mkuu, usianze na ndoto ya kuingia mashuleni. Vitabu vya kiada viko mikononi mwa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), na cha ziada kitahitaji ithibati, ni safari. Kuna wachapishaji wa hapa wenye uzoefu wa vitabu vya watoto, na Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwepo tangu miaka ya tisini. Ongea nao, wasome muswada. Lakini toleo la kwanza fanya nakala chache, wape watoto unaowafahamu, kaa pembeni uone wanakwama wapi.

Sasa mambo ambayo hakuna atakayekuambia. Kitabu hiki mtoto anakisoma mikono yote miwili ikiwa imeshika ukindu. Kwa hiyo lazima kilale wazi chenyewe. Ukikigundisha mgongo kama riwaya, kitajifunga kila akikiachia, na kibanio cha nguo ulichompa cha kubania chane atakitumia kubania kitabu. Waya wa mviringo ni mzuri ila ghali, na unapinda kwenye begi. Kurasa 32 zilizopigwa pini mbili katikati zinatosha, zinalala vizuri. Hesabu kurasa kwa nane nane, 24 au 32, si 22, utalipia karatasi tupu.

Rangi: si lazima kurasa zote. Ukurasa wa ukili unahitaji rangi, maana ulituambia chane nyeupe zilimpoteza binti. Wa manjano pia. Wa boriti hauhitaji. Panga kurasa za rangi zikae pamoja kwenye karatasi moja kubwa, gharama inashuka sana.

Na jalada litie laminishani. Kitabu kitaloa. Kama hakijaloa hakijatumika.

#16 BabaRukia

Mchapa, nimechapisha maneno yako nikayabandika ukutani. Kurasa 24 basi. Nimeongeza ganda la yai na mtepe, nimetoa ile ya kuchonga kijiko kwa kisu (nilikuwa nimekaidi, mke wangu amenishinda). Mpingo umebaki, ni mistari miwili tu: tupa kipande cha mpingo na kipande cha mninga kwenye ndoo, kipi kinazama? Vipande vya mabaki nimepewa na wachongaji wa Mwenge.

Mtepe wa Rukia ulizama mara tatu. Wa nne ulielea na kubeba kete kumi na moja. Hataki kuoga kwenye beseni lile mpaka nimpigie picha.

#17 bint_Mkwawa

Kaka, uzi mtamu, ila umenisahau. Mwanangu anatumia mkono wa kushoto. Nimemchapia ukurasa wako wa ukili ulioweka kule juu, amejaribu, amelia, ameutupa. Kila kitu kwenda kulia. Ukurasa wake uko wapi?

#18 BabaRukia

Dada, pole kwake. Nilikuwa sijafikiria kabisa.

Nimempigia mama mkwe simu Rufiji. Kasema wajukuu zake wa mkono wa kushoto ni wawili, wote wanasuka. Nikamwuliza aliwafundishaje. "Hawa wa kulia nawaweka ubavuni kwangu. Wa kushoto namkalisha mbele yangu, ananitazama usoni. Basi."

Nikafungua droo. Ile michoro sita niliyoitupa, aliyoichora kijana akiwa amekaa mbele ya mama, ndiyo anayohitaji mwanao. Naibandika hapa chini, maandishi nimeyageuza: shika chane ya kulia mwisho, ivushe kwenda kushoto, juu, chini, juu, chini. Mpe kesho asubuhi akiwa hajachoka, na usisahau kupaka rangi chane.

#19 bint_Mkwawa

Mstari wa saba sasa, hajakwama. Anasema kibanio kinateleza.